Mitambo Mipya, Umangimeza Uleule

Imezuka dhana katika ofisi nyingi za umma, nayo imeenea mpaka mwambao wa Kilwa na Lindi, kwamba ofisi ikishanunua kompyuta, ikavuta waya wa mtandao, ikaajiri kijana mmoja wa TEHAMA na kumpa chumba mwishoni mwa korido, basi tayari imekwenda na wakati. Dhana hiyo ni potofu, na wanaolipa gharama yake kila siku ni watumishi na walimu. Mtambo hubadilishwa kwa siku moja. Namna ya kufanya kazi, namna ya kutoa amri na namna ya kumsikiliza aliye chini havijabadilika, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Taifa hili lina historia yake katika jambo hilo, ingawa haifundishwi sana. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye mitambo, zikavurugika, na ikabidi kurudia taratibu za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake bila idhini maalumu. Mwaka huohuo gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa kilichomo katika wilaya ya Kilwa. Gesi hiyo ilikaa chini ya ardhi kwa miaka thelathini, mpaka ilipofikishwa Ubungo mwaka 2004 kufua umeme, na kompyuta nazo zikakaa nje ya ofisi nyingi kwa muda mrefu. Kilichoisubirisha gesi kinajulikana: mtaji, bomba na mnunuzi. Je, kompyuta zilisubiri nini?

Siku hizi ni desturi kulicheka katazo lile la 1974 na kuliita woga wa mambo mapya. Kicheko hicho hakina haki. Nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni ilikuwa na kila sababu ya kuzuia matumizi ya chombo kilichokwisha kuitia hasara. Linalostahili kuchunguzwa ni chanzo cha hasara yenyewe. Utaalamu wa mitambo ile ulitegemea wageni, na watumishi waliotakiwa kuishi nayo kila siku hawakuandaliwa. Mtambo ulikuwa upande mmoja na kazi upande mwingine, na katikati hapakuwa na mtu. Leo katazo halipo tena, kompyuta zimejaa, lakini pengo lile la katikati lingali wazi katika wilaya nyingi. Zamani ilisemwa kwamba mtambo ndio wenye kosa. Sasa inasemwa kwamba mtambo ndio wenye dawa. Kauli zote mbili zinamsahau mtumishi.

Hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba hakuna lililofanyika. Wakala wa Serikali Mtandao ulianzishwa mwaka 2012, na Sheria Namba 10 ya mwaka 2019 ikaugeuza kuwa Mamlaka yenye nguvu ya kusimamia mifumo ya taasisi zote za umma. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakipitia mfumo wa GePG, ambao humpa mlipaji namba ya malipo ili fedha iende moja kwa moja benki badala ya kulala mfukoni mwa mkusanyaji ushuru. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ukahamia NeST. Aliyewahi kuona kitabu cha stakabadhi cha kughushi katika soko la samaki anajua thamani ya hatua hizo. Jambo la kuhojiwa ni kile kinachotokea baada ya mfumo kuzinduliwa, picha kupigwa na wageni waheshimiwa kurudi walikotoka.

Katika halmashauri, mzigo huo wote huangukia kitengo cha TEHAMA. Kwa miaka mingi kitengo hicho kiliitwa cha TEHAMA na Uhusiano, na jina hilo lilisema mengi: ofisa aliyesomea uhandisi wa kompyuta chuo kikuu alibebeshwa kamera na kufuatana na misafara ya viongozi, kisha jioni akarudi ofisini kuandika habari ya ziara. Muundo ulipobadilishwa mwaka 2022, uhusiano ukapewa kitengo chake. Hata hivyo mawazo ya wakubwa wengi hayakusoma waraka huo. Kwao ofisa TEHAMA bado ni fundi. Huitwa wino wa printa unapokwisha, huitwa kuunganisha spika za mkutano, huitwa bosi anaposahau nywila yake. Haitwi inapoamuliwa jinsi dispensari itakavyotunza kumbukumbu za wagonjwa, wala inapopangwa namna shule zitakavyoleta taarifa zao. Anapoitwa, uamuzi umekwisha kupita, na kilichobaki ni kuutekeleza na kulaumiwa.

Huo ndio umangimeza wenyewe, tena katika nguo mpya. Mangimeza wa zamani alificha faili ndani ya kabati na funguo akazitia mfukoni. Mangimeza wa leo hana haja ya kabati, kwa kuwa husema kwa upole kabisa, "Mfumo unakataa," na mwananchi aliyetembea kutoka Njinjo au Kiranjeranje hugeuka akarudi. Zamani aliyenyimwa huduma alimjua aliyemnyima, akaweza kumshtaki kwa mkubwa wake. Leo atamshtaki nani? Mfumo hauna jina wala dawati, na hauwezi kuitwa mbele ya kikao cha madiwani ukajieleza.

Lakini lawama zisiishie kwa wakubwa peke yao, maana wamo maofisa wa TEHAMA walioipenda hali hiyo. Wamejijengea himaya ndogo ya maneno magumu. Akiulizwa kwa nini taarifa ya mwalimu haikupokelewa, hujibu kwa lugha ambayo mwalimu hawezi kuielewa wala kuipinga, kisha hufunga mlango. Nywila wanazikumbatia kama mganga akumbatiavyo hirizi. Ofisa akihama, anahama nazo, na ofisi hukaa wiki nzima ikitafuta mlango wa kuingilia katika mali yake yenyewe. Mtaalamu ambaye elimu yake haimsaidii mtu mwingine kufanya kazi vizuri zaidi hajawa mtaalamu wa umma. Amekuwa mlinzi wa lango tu.

Juu ya hao wapo wanaobuni mifumo makao makuu. Mchukulie mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kisiwani, mmoja kati ya wale wanaovuka maji kila wanapoitwa wilayani. Mwanafunzi anapoandikishwa, mwalimu huyo humwingiza katika PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani, ili apate namba yake. Mwanafunzi huyohuyo anatakiwa katika SIS, mfumo wa taarifa za shule wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Hesabu za fedha za shule nazo zililetewa mfumo wao, FFARS, mwaka 2017. Mambo yake mwenyewe ya utumishi, kama kuomba uhamisho, yako katika ESS. Na tangu mwaka wa fedha 2023/2024 tathmini ya kazi yake iko katika PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS ya karatasi. Humo anatakiwa kuingiza majukumu na kazi zake hatua kwa hatua ili apimwe kwa alama. Kila mfumo ukitazamwa peke yake una hoja nzuri. Ikikusanyika mbele ya mwalimu mmoja mwenye kishikwambi kimoja, hoja zote hugeuka mzigo.

Na kazi ya mwalimu ni ipi? Ni kufundisha. Saa anayoitumia kunakili jina lilelile mara mbili ni saa iliyoibwa darasani, na aliyeiiba hana ubaya moyoni. Hakujua tu kwamba jirani yake wa wizara nyingine alikwisha kuliuliza jina hilo. Ni aibu kwamba mashine, ambazo kazi yake ya kwanza ni kukumbuka, zimefanya binadamu ndiye akumbuke kwa niaba yao. Mifumo inayomhusu mtoto mmoja lazima izungumze yenyewe kwa yenyewe. Sheria ya 2019 ilitungwa, pamoja na mambo mengine, ili taasisi zisijenge mifumo kiholela bila kutazamana. Basi na itumike mpaka mwalimu aone tofauti kwa macho yake.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na lilikuwa tendo la busara, kwa kuwa mali ya umma haikuachwa iozee maghalani. Lakini kishikwambi bila bando ni kioo cha kujitazamia. Katika shule ngapi mwalimu hununua bando kwa mshahara wake ili kuipelekea Serikali taarifa za Serikali? Mtumishi hatakiwi kununua chaki kwa fedha zake, wala hatozwi karatasi ya kuandikia barua ya ofisi. Kwa nini basi gharama ya mtandao ihesabiwe kuwa jambo lake binafsi? Zaidi ya hayo, PEPMIS inapochelewa kujazwa, anayepungukiwa alama ni mwalimu. Mtandao haupimwi, na seva iliyolemewa siku ya mwisho ya kujaza haina anayeitathmini.

Wapo watakaodai kwamba tatizo ni walimu wazee wasiotaka kujifunza. Madai haya yarudi kwa wenyewe. Mwalimu huyohuyo mzee humtumia binti yake fedha kwa simu bila kumwuliza mtu. Wavuvi wa Somanga na Kivinje hupatana bei ya samaki kwa simu kabla ngalawa haijagusa mchanga. Watu wa mwambao hawaogopi mtambo wenye faida kwao. Wanachoogopa ni kuadhibiwa kwa makosa ya mtambo. Na nchi hii inajua jinsi ya kuwafundisha watu wazima. Katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza kanda ya Ziwa mwaka 1968, wakulima na wavuvi walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, ndizi na uvuvi, yaani kazi zao wenyewe. Leo mwalimu huitwa mjini, huketishwa ukumbini siku moja, huoneshwa ukutani picha za mfumo unaofunguka vizuri, hupewa soda, hurudishwa shuleni. Wiki inayofuata mfumo haufunguki vile, na mwenye kumsaidia yuko safari ya maji au ya barabara ya vumbi.

Mkulima wa korosho ana nafuu kuliko mwalimu katika jambo moja. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na bei zikaonekana mbele ya wakulima wa vyama vya msingi, wakiwamo wale walio chini ya Chama Kikuu cha Lindi Mwambao. Mkulima asiporidhika na bei, mnadani anaweza kuikataa, na imewahi kutokea mara kadhaa kusini wakulima wakakataa, mnada ukasimama na wakubwa wakaja kujieleza. Mwalimu hana mnada. Mfumo mbovu hauwezi kukataliwa na mtumishi kwa kunyoosha mkono. Ndiyo maana halmashauri inahitaji kitengo cha TEHAMA chenye ujasiri wa kuikataa bei hiyo kwa niaba yake, kiandike kwenda juu kwamba hiki hakifai, kile kimerudiwa, na huu umekuja kabla ya wakati wake. Je, ni vitengo vingapi vimewahi kuandika barua ya namna hiyo?

Kisha ulikuja mwezi Mei 2024, ambao ungetosha kuwa mtihani wa kila kitengo. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilipiga pwani karibu na Mafia. Mvua ikalipua madaraja na kuikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa, na abiria wakakwama njiani, mbele hakupitiki. Kabla nchi haijamaliza kuhesabu hasara, tarehe 12 Mei mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ikakatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukadorora nchi nzima. Barabara ya lami na barabara ya mawasiliano zikatetereka katika mwezi mmoja. Mikongo hiyo ililetwa Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na faida yake ni kubwa. Lakini ofisi iliyotupa daftari siku ilipopata mtandao, bila kujiuliza itafanya nini mtandao usipokuwapo, ilijikuta mwezi ule haina hiki wala kile.

Barabara ilipokatika, wahandisi walihamia Somanga na matingatinga yao. Kila mtu alijua ni kazi ya nani na lini itakwisha. Mtandao ulipokatika, ofisi nyingi zilifanya nini? Watumishi walikaa. Dawati lilisema "mtandao hakuna" kama mtu asemavyo mvua inanyesha, jambo la Mwenyezi Mungu lisilo na mhusika. Mfumo ulioandaliwa kwa ajili ya mwambao, ambako masika huja kila mwaka bila kuomba kibali, ungemruhusu mtumishi aandike kazi yake katika kishikwambi bila mtandao, kisha taarifa ziondoke zenyewe mawasiliano yakirudi. Hilo si jambo la miujiza. Makarani wa Sensa ya 2022 walifanya hivyo hasa: walijaza madodoso vijijini na kuyatuma walipopata mtandao, kwa vishikwambi hivihivi walivyonavyo walimu leo. Kilichowezekana kwa kuhesabu watu kinashindikanaje kwa kuwahudumia?

Jibu linalotolewa haraka ni fedha. Fedha ni haba, hilo halikanushiki. Lakini mengi ya haya hayaanzi na fedha. Kumweka mkuu wa kitengo cha TEHAMA mezani pamoja na wakuu wengine mipango inapojadiliwa hakugharimu hata shilingi. Kamati ya kuongoza mambo ya TEHAMA, ambayo taasisi za umma zimetakiwa kuwa nayo, haihitaji jengo jipya ili ikutane na kuuliza maswali ya maana. Nywila za ofisi kuandikwa, kufungwa na kutunzwa na ofisi badala ya mtu ni kazi ya asubuhi moja. Fedha zinapotoweka kweli ni kwingine: katika mitambo inayonunuliwa bila kuulizwa anayeitumia, katika mikataba ya matengenezo ambayo mkandarasi pekee ndiye anayeielewa, na katika semina. Wale wanaoshauri kazi yote wapewe makampuni ya nje wakumbuke tena miaka ya 1965 hadi 1974. Mtambo ambao elimu yake imekodishwa huondoka na aliyeikodisha.

Kilwa Kisiwani iliwahi kufua sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani wake, na vyombo vyake vikafanya biashara mbali. Hakuna haja ya kujigamba kwa utajiri wa masultani, ambao mwananchi wa kawaida hakuugusa. Hata hivyo ni jambo la kutafakarisha kwamba mji uliofua chombo chake wenyewe cha kuhesabia mali, leo ukitaka kusahihisha jina la mtoto lililokosewa herufi moja, unaweza kulazimika kusubiri mtu aliyeko mbali afungue mlango wa mfumo. Mamlaka ya kusahihisha makosa madogo yateremshwe wilayani. Nchi hii ilikwisha kujaribu kuteremsha madaraka mikoani mwaka 1972, na moja ya mafunzo yake ni kwamba ukimpeleka ofisa wilayani bila kumpa uwezo wa kuamua, umehamisha meza tu.

Kazi zinazokuja mwambao hazitasubiri. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa mwaka 2023, na bandari ya namna hiyo huleta leseni, mizani, ushuru, vyumba vya baridi na vyombo vya kusajili. Yote hayo yatakuja na mifumo yake. Ikiwa halmashauri itaikabili kwa ofisa mmoja wa kubadilisha wino, basi takwimu za samaki wa Kilwa zitajulikana Dar es Salaam na Dodoma kabla hazijajulikana Kilwa, na diwani wa Kivinje ataomba hesabu za bahari yake kwa barua.

Pa kuanzia panajulikana. Ofisa TEHAMA atoke ofisini. Kabla bajeti ijayo haijafikishwa mbele ya madiwani, kila ofisa wa kitengo hicho akae siku tano katika shule au dispensari moja iliyo mbali, asiende kukagua, aende kutazama. Amtazame mwalimu anapoingiza jina mara ya kwanza na mara ya pili. Apande naye kilimani kutafuta mtandao. Aandike ni dakika ngapi zilipotea, bando la nani lilitumika, na ni kosa gani lilirudishwa bila maelezo. Orodha hiyo isomwe kwa sauti katika kikao cha baraza, kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa kijiji atakielewa, Mkurugenzi akiwapo, na nakala yake ipelekwe kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao pamoja na kila wizara ambayo mfumo wake umetajwa, ikiwa na tarehe ya kujibiwa.